Kijani si kivuli: miembe ya Tabora na ahadi ya kupoza mji

Tuanze na jaribio la kichwani. Ni mwanzoni mwa Oktoba, uko Tabora mjini, saa saba kasoro mchana. Mvua uliiagana nayo Aprili au mwanzoni mwa Mei. Umeshuka kwenye basi na begi lako mgongoni, na mbele yako kuna barabara. Upande wa kushoto kuna mwembe mkubwa wa zamani, wala haujapogolewa vizuri. Upande wa kulia kuna mstari wa miashoki myembamba iliyopandwa kwa nafasi sawa, na chini yake nyasi na maua yaliyozungushiwa mawe ya chokaa. Utapita upande gani?

Jibu unalo. Chini ya mwembe utakuta bodaboda kama sita wanasubiri abiria, fundi baiskeli, na mama mwenye beseni la karanga. Upande wa pili hakuna mtu, labda mjusi.

Sasa basi, ukichukua picha ya satelaiti, pande zote mbili zinasomeka kijani. Ukisoma taarifa ya utunzaji wa mazingira, pande zote mbili zinahesabiwa kuwa "uoto wa kando ya barabara unaopunguza joto la mji". Ugomvi wangu unaanzia hapo. Wazo la kupoza miji kwa miti ya barabarani ni zuri na lina sayansi nyuma yake. Lakini jinsi tunavyolieleza, tunavyolipima na tunavyolitekeleza kuna makosa, na anayelipa gharama ya makosa hayo ni yule anayetembea kwa miguu saa saba mchana. Naomba tulihakiki pamoja, na Tabora ndiyo itakuwa maabara yetu.

Joto gani hasa?

Kila anayetetea miti mijini ana namba. Namba maarufu siku hizi inatoka Medellín, Colombia, mji ulioanza mwaka 2016 kujenga njia 30 za kijani kando ya barabara na mito yake. Mji huo unasema joto limeshuka kwa nyuzi 2 za Selsiasi. Mwingine atakuambia miti inashusha joto kwa nyuzi 10, mwingine nyuzi 20. Nani mkweli? Inawezekana wote, kwa sababu hawapimi kitu kimoja.

Kuna joto la uso, yaani la lami, zege, bati au udongo. Lami iliyopigwa na jua la mchana inaweza kuvuka nyuzi 60, wakati lami iliyo kivulini haifiki popote karibu na hapo. Hili ndilo joto ambalo satelaiti inaliona, na ndiyo maana namba zake huwa kubwa na za kuvutia.

Kuna joto la hewa, lile linalotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hili ni gumu kulishusha. Hewa haikai, upepo unaileta na kuiondoa. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi za bustani za mijini, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba mchana bustani huwa na hewa yenye joto pungufu kwa karibu nyuzi 1 tu ukilinganisha na maeneo ya mji yasiyo na kijani. Nyuzi moja! Na hiyo ni bustani nzima, wala si mstari mmoja wa miti kando ya barabara.

Halafu kuna joto analolipata mwili wako. Mwili hausomi kipimajoto cha hewa peke yake. Unapokea mionzi ya jua moja kwa moja kutoka juu, mionzi inayoakisiwa na ukuta mweupe, na joto linalofuka kutoka kwenye lami chini ya miguu. Wanasayansi hujumlisha hivyo vyote katika kipimo kinachoitwa wastani wa joto la mionzi. Mchana wa jua kali, tofauti ya kipimo hiki kati ya juani na chini ya mti wenye majani mengi inaweza kufika nyuzi 20 au zaidi, hata kama hewa ya sehemu zote mbili inakaribiana.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "miti hii itapunguza joto la mji", muulize: joto lipi? Mstari wa miti hauwezi kubadilisha hali ya hewa ya mji mzima. Utafiti uliofanyika Madison, Marekani, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa joto la hewa mchana linashuka sana pale matawi yanapofunika zaidi ya asilimia 40 ya eneo la mtaa. Hiyo ni miti mingi sana. Lakini mti mmoja mkubwa unaweza kumwokoa mtu mmoja aliyesimama chini yake, leo, bila kusubiri mji wote ubadilike. Ahadi hiyo ni ndogo kuliko ile ya kwenye mabango, ila inatimizika.

Jua la utosini

Kosa la pili ni la kuazima. Michoro mingi ya barabara za kijani tunayoiiga imetoka kwenye nchi ambazo jua halifiki utosini hata siku moja. Kule, mti mrefu mwembamba unatupa kivuli kirefu hata adhuhuri, na ghorofa linafunika upande mzima wa barabara. Ukiuleta mchoro huo Tabora, umeleta jibu la swali la watu wengine.

Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 8 Machi na tarehe 6 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama juu ya kichwa chako kabisa. Na kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki wakati Tabora iko kwenye nyuzi 33 hivi, adhuhuri halisi mwezi Oktoba inafika kama saa 6 na dakika 37 mchana. Muda huo nguzo haina kivuli. Ukuta hauna kivuli. Kivuli cha mti ni kile kilichofunikwa na matawi yake na hakuna zaidi.

Tufanye hesabu. Mwashoki wenye upana wa mita 1.5 unafunika chini ya mita 2 za mraba. Mnazi wa mapambo wenye upana wa mita 4 unafunika kama mita 12.5 za mraba, tena kwa matundu. Mwembe wa zamani wenye upana wa mita 15 unafunika karibu mita 177 za mraba. Yote mitatu ni "mti mmoja" kwenye orodha.

Kuna jambo lingine ambalo wachoraji wa barabara hulisahau: barabara inaelekea wapi? Njia ya zamani ya msafara iliyopita Tabora ilikwenda mashariki–magharibi, kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Mwezi Oktoba jua nalo linapita karibu kabisa na mstari huohuo: linachomoza mbele ya anayeelekea mashariki, linapanda utosini, linatua mbele ya anayeelekea magharibi. Kwenye barabara ya namna hiyo, kivuli cha miti kinaanguka kufuata mstari wa miti yenyewe. Hakiji barabarani. Kwa hiyo ukipanda miti pembeni halafu ukajenga njia ya waenda kwa miguu mita tano kutoka hapo, watu watatembea juani huku wakitazama kivuli. Njia ya miguu inatakiwa ipite chini ya matawi. Juni mambo yanabadilika kidogo, jua likiwa upande wa kaskazini. Kivuli cha kilele cha mti wa mita 12 kinasogea kusini kwa kama mita 6 wakati wa adhuhuri. Barabara ya kaskazini–kusini ina hesabu yake tofauti: miti ya upande wa magharibi ndiyo inayofanya kazi mchana hadi jioni. Haya si mambo ya kompyuta kubwa. Ni dira, na kujua jua liko wapi.

Msafara ulijua nini?

Tabora ya karne ya 19, eneo la Unyanyembe ambalo Burton na Speke walifika Novemba 1857 na kulijua kwa jina la Kaze, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo mizigo ilibebwa vichwani na mabegani na mapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kutoka hapa njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kuelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Mwaka 1871 Stanley alitumia takriban miezi 3 kutoka Bagamoyo hadi hapa. Mwaka uliofuata yeye na Livingstone walikaa pamoja kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambalo leo ni makumbusho.

Maelezo ya wasafiri wa wakati ule yanakubaliana kuhusu ratiba: msafara uliondoka alfajiri, na ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Hiyo nayo ni teknolojia ya joto. Kabla ya kivuli, watu walitumia saa. Ukikosa kivuli njiani, hama kwenye saa mbaya.

Kambini na mjini ndiko kivuli kilikohitajika, na hapo ndipo mwembe ulipoingia. Utasikia hadithi maarufu kwamba miembe ya Tabora na Ujiji iliota yenyewe kutokana na makokwa yaliyotupwa na watumwa na mapagazi njiani. Ni hadithi yenye nguvu, na inabeba kumbukumbu ya mateso ambayo hatupaswi kuifuta. Ila kama mwanafunzi wa sayansi naomba niihoji kidogo. Mbegu ya embe haivumilii kukauka. Ikikaa bila unyevu hufa ndani ya wiki chache. Kokwa lililoliwa Bagamoyo lisingefika Tabora likiwa hai baada ya miezi mitatu begani. Kuna uwezekano zaidi kwamba mwembe ulisogea bara hatua kwa hatua, kituo hadi kituo, au ulibebwa kama mche na mtu aliyeumwagilia. Pia kokwa lililotemwa huota popote. Haliwezi kujipanga kwa mstari ulionyooka. Ukiona mstari, ujue palikuwa na mkono wa mtu.

Na embe lenyewe ni mgeni aliyezoea. Asili yake ni Asia, likaja pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba alikaribishwa wali pamoja na achari, na embe lilikuwemo.

Tusiipake rangi njia hii. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa. Aliyepanda mwembe hakuwa lazima na huruma kwa aliyefungwa mnyororo. Huenda alitaka matunda, heshima ya baraza lake na alama ya mali yake. Lakini hapa kuna somo ambalo miradi yetu imelipoteza. Mti ule ulikuwa na mwenyewe. Ulikuwa na mtu anayekula kutoka kwake, kwa hiyo ulikuwa na mtu wa kuulinda na mbuzi, moto na shoka. Maua ya katikati ya barabara yana mzabuni, na mkataba wa mzabuni una tarehe ya mwisho.

Oktoba ndiyo mtihani

Tabora hupata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Novemba na Aprili. Halafu ukame wa miezi mitano hadi sita. Joto kali halipo katikati ya mvua. Linakuja mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, ambapo wastani wa joto la juu la mchana uko kwenye nyuzi 32 hivi. Kwa lugha nyepesi: mti unaotafutwa ni ule wenye majani mengi wakati ambapo haujaona mvua kwa nusu mwaka.

Ukiweka mtihani huo mezani, wengi wanafeli. Mkrismasi, ule wenye maua mekundu unaopendezesha barabara nyingi za Tabora, hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mwezi wa kumi mara nyingi unakuta matawi na maganda yake marefu yakining'inia, na majani yanarudi mvua zinapokaribia. Ni mrembo, wala siuchukii, ila si mwavuli wa Oktoba. Nyasi bila maji zinageuka kahawia na kuwa na joto karibu sawa na udongo mtupu. Ukizimwagilia, unatumia maji ambayo nyumba nyingi zinayahitaji. Na mji huu, ulioishi miaka mingi kwa kutegemea bwawa la Igombe kabla bomba la Ziwa Victoria halijafika, unajua thamani ya ndoo.

Na hata zikiwa mbichi, nyasi hazifanyi kazi ya mti. Utafiti wa mwaka 2021 uliolinganisha miji 293 ya Ulaya ulikuta kwamba maeneo ya kijani yasiyo na miti hupoza uso wa ardhi mara 2 hadi 4 pungufu kuliko maeneo yenye miti. Sababu ni rahisi: nyasi hazikufuniki.

Hapa huwa inaingia ile hoja ya "mti ni kiyoyozi". Ina ukweli. Lita 1 ya maji ikivukizwa kutoka kwenye majani hubeba joto la yuniti 0.68 za umeme. Mti unaovukiza lita 100 kwa siku unabeba joto sawa na yuniti 68 hivi. Ukizinunua kwenye LUKU utaelewa ni nyingi kiasi gani! Lakini hoja hii ina mashimo mawili. Kwanza, kiyoyozi kinafanya kazi kwenye chumba kilichofungwa, mti uko nje. Ubaridi wake unachukuliwa na upepo. Pili, mti wenye kiu hufunga vitundu vya majani yake kuokoa maji, hivyo uvukizaji unapungua wakati uleule unapouhitaji zaidi. Kivuli hakina shida hiyo. Jani lililofunga vitundu bado linazuia jua.

Mwembe unafaulu mtihani huu kwa sababu haupukutishi majani yote, mizizi yake inakwenda chini sana, na matawi yake ni mazito. Mwarobaini na mjohoro nayo inajitahidi. Mwembe siujengei sanamu. Ninaonyesha sifa tatu za kutafuta kwenye mti wowote: upana, majani ya Oktoba, na uwezo wa kuishi bila ndoo ya mtu.

Hesabu ya miche

Sasa tuje kwenye namba zinazonikera. Kwa miaka mingi kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Siku ya Taifa ya Upandaji Miti imekuwa ikiadhimishwa tarehe 1 Aprili. Kwa maeneo yanayopata masika, Aprili ni sawa kabisa. Kwa Tabora, mche uliopandwa tarehe hiyo una wiki chache za mvua, kisha unakabidhiwa kwa kiangazi. Ni kama kumpeleka mtoto shule siku ya kufunga. Mikoa imepewa nafasi ya kupanga siku zake kulingana na mvua, na hiyo ni busara. Kwa Unyamwezi siku hiyo inapaswa kuwa Novemba au Desemba, ardhi ikishalowa.

Lakini tatizo kubwa liko kwenye kipimo chenyewe. Tunahesabu miche iliyopandwa. Hatuhesabu kivuli kilichosimama. Hebu ona kinachotokea barabara inapopanuliwa na mti wa zamani ukakatwa. Kauli ya kufariji inakuja haraka: "Tumekata mmoja, tutapanda mia." Inasikika kama faida, si ndiyo? Mwembe uliokatwa ulikuwa na upana wa mita 15, yaani mita za mraba 177 za kivuli. Mche mpya una upana wa nusu mita, yaani mita za mraba 0.2. Miche mia inatoa kivuli cha mita za mraba 20, tena kwenye usawa wa goti lako. Ili kulipa deni la mti mmoja kwa siku ile unahitaji miche 900. Miche itakua, ndiyo. Lakini mama wa karanga hauzi karanga za mwaka 2050.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Wengi tunaikumbuka kwa alama za X kwenye nyumba. Ila ukiisoma kwa jicho la joto, hiyo ni ardhi ya umma pande zote mbili za barabara, na pale inapopita mjini ina nafasi ya njia ya miguu na mstari wa miti mikubwa. Nafasi haijakosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla tingatinga halijaja: mti huu unaweza kubaki, na njia ya miguu ikapita chini yake?

Upande wa pili wa shilingi

Itakuwa si haki nikiihakiki miashoki na kuuacha mwembe. Mwembe barabarani una kesi zake. Maembe yanaanguka, yanateleza, yanavuta inzi. Watoto wanarusha mawe, kioo cha gari kinapasuka. Matawi ya zamani yanavunjika wakati wa upepo wa mvua za kwanza. Mizizi inainua zege. Kwenye barabara ya mwendo kasi, shina kubwa karibu na lami linaua dereva anayekosea. Usiku matawi mazito yanazuia joto la ardhi kutoroka angani, kwa hiyo chini yake kunaweza kuwa na joto kidogo kuliko uwanjani. Na pale magari yanapobanana, paa la majani linaweza kuuzuia moshi usitoke.

Pia si kila mwembe ni mwembe. Miche inayouzwa vitaluni siku hizi mingi ni ya kubebesha, iliyotengenezwa ibaki mifupi ili uvune kwa mkono. Kwa mkulima ni baraka, kwa barabara ni kichaka. Anayetaka kivuli apande mwembe wa mbegu, ule wa kienyeji unaokuwa mrefu, na akubali kusubiri miaka kumi na zaidi.

Hoja hizi zote ni za kweli na zina majibu: umbali kutoka kwenye lami, kupogoa matawi ya chini na yaliyokufa, kuchanganya aina za miti ili ugonjwa mmoja usiue mstari wote. Ambacho hakina jibu ni kupanda kitu kisichofunika mtu halafu kukiita suluhisho la joto.

Pima mwenyewe

Usiniamini kwa maneno. Chukua mpira wa tenisi ya meza, upake rangi nyeusi isiyong'aa, toboa tundu, ingiza ncha ya kipimajoto cha kidijitali katikati. Hicho ni kipima joto la mionzi cha mtu maskini, na watafiti wa kweli wanatumia vifaa vya namna hiyohiyo. Kining'inize usawa wa kifua, subiri dakika 15, soma. Fanya hivyo saa saba mchana juani, kwenye nyasi za katikati ya barabara, chini ya mwashoki, na chini ya mwembe. Weka kipimajoto cha kawaida kivulini kila sehemu ulinganishe. Utaona hewa zinakaribiana na mipira inatofautiana, na ndani ya tofauti hiyo ndimo mwili wako unamoishi.

Kisha, mradi wowote wa kupendezesha barabara ukija mtaani kwenu, iwe Tabora, Dodoma au Kigoma, usiulize miche mingapi. Uliza: mwezi wa kumi, saa saba mchana, ni watu wangapi watakuwa wamesimama chini yake? Kama jibu ni sifuri, tumepanda mapambo. Mapambo si dhambi, ila yasilipiwe kwa fungu la kupunguza joto.

Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kuna miembe miwili ambayo inasemekana ni vizazi vya ule ambao chini yake Stanley alikutana naye mwaka 1871. Wageni hupelekwa kuiona na kupiga picha. Wakimaliza, utaona wanafanya kitu kilekile ambacho bodaboda wa Tabora wanafanya kila siku bila kiingilio: wanarudi nyuma kidogo na kusimama kivulini.